Barua kwa Mhariri: Hezi za dukani zisiuzwe kama hezi za skrini

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua za wasomaji niseme jambo moja kuhusu biashara ya skrini za kompyuta za kuchezea gemu hapa Moshi na kwa jirani zetu wa Arusha. Katika baadhi ya maduka ya vifaa vya kompyuta vilivyotumika imezuka desturi ya kubandika kwenye kioo karatasi yenye maandishi kama "Skrini ya gemu, 75Hz", na bei ikapanda kwa sababu ya karatasi hiyo, ilhali skrini yenyewe ilitoka kiwandani ikiwa ya hezi 60 na imepandishwa na kijana wa dukani kwa dakika chache za kubonyeza kipanya. Sina ugomvi na kupandisha hezi. Mimi ni fundi wa kompyuta, kazi hiyo huifanya kwa anayeitaka, na humweleza mteja mipaka yake kabla sijaigusa mashine. Ninachokipinga ni kuuza tarakimu iliyopandishwa kana kwamba ni mali ya skrini, kwa sababu si mali ya skrini, na mnunuzi akishaibeba kwenda nayo nyumbani tarakimu hiyo hubaki dukani.

Kwa wasomaji ambao hawajajishughulisha na mambo haya, hezi za skrini ni idadi ya mara ambazo skrini huchora picha upya ndani ya sekunde moja. Skrini ya hezi 60 huleta picha mpya kila baada ya milisekunde 16.7, ya hezi 75 kila baada ya milisekunde 13.3, na ya hezi 144 kila baada ya milisekunde 7 kasoro kidogo. Katikati ya picha moja na nyingine, picha ya skrini hizi bapa husimama palepale huku jicho la mchezaji likiendelea kukifuata kitu kinachokimbia, na ndiyo sababu kitu hicho huonekana kina ukungu pembeni. Kitu kinachokatiza skrini kwa mwendo wa pikseli 960 (pikseli ni nukta ndogo zinazounda picha) kwa sekunde huacha ukungu wa upana wa pikseli 16 kwenye hezi 60, karibu pikseli 13 kwenye hezi 75, na chini ya pikseli 7 kwenye hezi 144. Faida ipo, basi, na kijana anayeitafuta hajapumbazwa na mtu.

Kabla sijaendelea niondoe mkanganyiko mmoja ambao nimeusikia hata kwa wauzaji wenyewe. Nyuma ya skrini, au kwenye adapta yake, kwa kawaida huwa pameandikwa 100–240V, 50/60Hz. Hizo si hezi za picha. Ni hezi za umeme wa ukutani, ambao hapa Tanzania ni wa volti 230 na hezi 50, na ambao ukishaingia kwenye skrini hugeuzwa kuwa mkondo mnyoofu, kwa hiyo hauna usemi wowote juu ya kasi ya picha. Mteja anayeambiwa kwamba "hii ilikuwa 50 mpaka 60, sisi tumeifikisha 75" anasomewa habari za adapta.

Kupandisha hezi ni kazi rahisi kuliko inavyosikika. Kila skrini ya kisasa ina kumbukumbu ndogo iitwayo EDID, ambamo kiwanda kimeandika ukubwa wa picha na kasi ambazo skrini inaahidi kuzipokea. Kompyuta inapounganishwa huisoma orodha hiyo na kutoa picha kwa mujibu wake. Anayepandisha hezi huiambia kompyuta iiweke kando orodha ya kiwanda na itume picha kwa kasi nyingine. Programu ya kadi za grafiki za NVIDIA, yaani kadi zinazotengeneza picha ndani ya kompyuta, ina sehemu ya kutengeneza mpangilio wa picha wa mtumiaji mwenyewe, ile ya AMD Radeon nayo inayo, na ipo programu ya bure iitwayo Custom Resolution Utility ambayo huandika orodha mbadala ndani ya Windows. Fundi mwangalifu hupanda taratibu, hezi mbili au tatu kwa wakati mmoja, akiitazama picha kwa makini katika kila hatua. Asiye mwangalifu huandika 75 moja kwa moja, na picha ikitokea amemaliza kazi.

Kinachoamua kama picha itatokea si kioo peke yake, bali pia njia inayopitia picha na kipokezi kilichomo ndani ya skrini. Skrini ya pikseli 1920 kwa 1080 haipokei pikseli hizo tu, kwa maana kila mstari na kila picha hufuatwa na mapumziko yasiyoonekana, hivyo kwa mpangilio wa kawaida picha moja hubeba nafasi za pikseli 2200 kwa 1125, ambazo kwa hezi 60 ni milioni 148.5 kila sekunde. Ukidai hezi 75 kwa mpangilio uleule, zinakuwa milioni 185.6. Mlango wa HDMI (mlango ni tundu la kuchomekea waya wa picha) wa matoleo ya mwanzo, pamoja na ule wa DVI wa njia moja, ulikomea milioni 165, na ingawa toleo la HDMI 1.3 la mwaka 2006 lilisogeza ukomo huo hadi milioni 340, si kila skrini ya ofisini iliyotengenezwa baada ya hapo iliwekewa kipokezi cha kiwango kipya, maana kwa hezi 60 hakikuhitajika. Fundi anaweza kuyafupisha mapumziko ili ajipatie nafasi, na hapo hezi 75 hushuka hadi kama milioni 174, ambazo bado zinazidi 165, ilhali hezi 70 hupita kwa kama milioni 162. Ndiyo maana unaweza kukutana na skrini inayokubali hezi 70 bila tabu yoyote kisha ikaikataa 75 kwa waya uleule, na ukiihamishia kwenye mlango wa DisplayPort, ambao haufungwi na ukomo huo wa milioni 165, huenda ikaikubali. Hesabu hii nimeiandika kwa kirefu kwa makusudi, kwa sababu mazungumzo ya dukani huishia kwenye "skrini hii inafika" na "skrini hii haifiki", wakati jibu sahihi hutaja mlango gani, waya gani, na kadi gani ya grafiki.

Sasa nije kwenye lalamiko langu lenyewe. Marekebisho yote niliyoyataja hukaa ndani ya kompyuta, kwenye draiva (programu inayoiendesha kadi ya grafiki) na kwenye rejista ya Windows, inakohifadhiwa mipangilio yake, na skrini haihifadhi hata moja kati ya hayo. Ukiichomoa skrini hiyo dukani na kuichomeka kwenye kompyuta nyingine, kompyuta hiyo itaisoma EDID, itakuta hezi 60, na itatoa hezi 60. Hata kompyuta ileile ya dukani, ikiwekewa Windows upya, huyasahau yote.

Mama mmoja kutoka Machame alinijia akiwa na skrini aliyomnunulia mwanawe aliyekuwa likizo ya chuo. "Fundi," akaniambia, "dukani nimeona kwa macho yangu imeandika 75. Nyumbani kijana anasema ni 60. Wamenibadilishia?" Hawakumbadilishia, mama wa watu; skrini ilikuwa ileile, na namba yake ya kiwandani ililingana na ile iliyokuwa kwenye risiti. Kompyuta ya dukani ndiyo iliyokuwa ya hezi 75. Nilipojaribu kuipandisha kwenye kompyuta ya kijana, ambayo ina mlango wa HDMI peke yake, skrini ilizima picha na kuandika kwamba mawimbi yamevuka kiwango, kwani dukani walikuwa wameiunganisha kwa DisplayPort. Alilipia uwezo wa kompyuta ya watu wengine. Muuzaji alipopigiwa simu alijibu, kwa adabu kabisa, kwamba yeye aliionyesha ikifanya kazi na mteja akaridhika. Alisema kweli, na hapo ndipo ugumu wa jambo hili ulipo: hakuna uongo uliotamkwa, ila mteja ameondoka na kitu pungufu ya alicholipia.

Wapo wauzaji wanaoongozwa na karatasi za kiwanda zenyewe bila kujua namna ya kuzisoma. Skrini nyingi za ofisini zimeandikiwa katika maelezo yake kwamba zinapokea kasi ya wima, yaani hezi za picha, ya 56 hadi 75 au 76. Muuzaji akiliona hilo hudhani amehalalishiwa kuandika 75. Lakini upana huo umewekwa kwa ajili ya mipangilio ya zamani ya picha ndogo, kama vile pikseli 1024 kwa 768 au 1280 kwa 1024, ambayo kompyuta za miaka ya nyuma ziliitoa kwa hezi 75, na kwa picha kamili ya 1920 kwa 1080 karatasi hiyohiyo, mistari michache chini yake, hutaja hezi 60. Mnunuzi asikubali kuonyeshwa mstari wa kwanza bila wa pili.

Liko tatizo baya zaidi, kwa sababu halionekani kwenye tarakimu yoyote. Baadhi ya skrini hupokea mawimbi ya hezi 75 bila kulalamika, na hata menyu ya skrini yenyewe ikaandika 75, lakini bodi ya ndani haiwezi kukiendesha kioo kwa kasi hiyo, hivyo hutupa kimyakimya baadhi ya fremu (picha mojamoja zinazotumwa na kompyuta) na kuendelea kukichora kioo mara 60 kama zamani. Kati ya kila fremu tano zinazotumwa na kompyuta, moja haimfikii mtazamaji. Fremu nne hufuatana vizuri, ya tano haipo, na kitu kilichokuwa kikisogea kwa utulivu huruka hatua mbili kwa mpigo, kisha mzunguko huo hujirudia mara 15 kwa sekunde. Picha ya namna hiyo ni mbovu kuliko ya hezi 60 halisi, ambayo angalau huenda kwa mwendo wa hatua sawa. Windows haitakwambia, kwa sababu Windows inajua ilichokituma na haijui kilichofanyika baada ya hapo. Kihesabu cha fremu ndani ya gemu nacho hakitakwambia, kwa sababu kinahesabu fremu zinazotengenezwa na kadi ya grafiki. Mteja ameongezewa bei na kupunguziwa ubora kwa wakati mmoja, na karatasi kwenye kioo bado inasema 75.

Njia ya kulinasa tatizo hili ipo, na haihitaji kifaa cha maabara. Jaribio la TestUFO, ambalo hufunguliwa kwenye kivinjari chochote cha kompyuta, lina sehemu ya kuchunguza fremu zinazorukwa: huonyesha viboksi vingi vilivyopangwa kwa safu, na kila fremu mpya huwasha kiboksi kimoja kinachofuata. Chukua simu yenye kamera inayokuruhusu kupanga muda wa kupokea mwanga, weka sehemu moja ya kumi ya sekunde, iegemeze simu kwenye kitu kisichotikisika, kisha piga picha. Kwa hezi 75 za kweli utaona viboksi saba au vinane vimewaka mfululizo bila pengo katikati. Ukiona vinne vimewaka, kimoja cheusi, kisha vingine vimewaka tena, basi fremu zinatupwa, na hakuna haja ya kubishana na mtu. Rudia picha hiyo mara kadhaa, maana kompyuta yenyewe ikielemewa na kazi nyingine inaweza kuruka fremu pasipo kosa la skrini. Ningefurahi kuona kila duka linaloandika 75 likiwa na picha ya namna hiyo kwenye simu ya muuzaji, ya skrini hiyohiyo anayoiuza.

Nasema skrini hiyohiyo, kwa sababu skrini mbili za jina moja si lazima zilingane. Wanaofuatilia historia ya mambo haya wanakumbuka skrini za Korea Kusini za pikseli 2560 kwa 1440 zilizovuma karibu mwaka 2012, hasa Yamakasi Catleap ya toleo la 2B, ambazo baadhi yake zilipandishwa kutoka hezi 60 hadi kufikia 120 kwa waya wa DVI wa njia mbili, kwa kuwa bodi yake ilipitisha mawimbi hadi kwenye kioo pasipo kuyachakata katikati. Zilikuja nyingine zenye jina hilohilo la Catleap lakini bodi tofauti, na hizo hazikupanda namna hiyo. Waliozinunua kwa kusikia sifa za zile za kwanza walipata skrini nzuri ya hezi 60. Kumuuzia mtu skrini kwa kasi ambayo nyenzake iliwahi kuifikia ni kama kumuuzia pikipiki kwa mwendo ambao nyingine ya aina hiyo iliwahi kuufikia ikishuka kutoka Marangu kwenda Himo.

Ili nisionekane napinga kila kilichopandishwa, nitaje mfano wa viwanda vilivyolifanya jambo hili kwa uwazi. ASUS walipotoa skrini ya ROG Swift PG279Q mwaka 2015, walieleza kwamba kasi yake ni hezi 144 na kwamba inaweza kupandishwa hadi 165 kwa kutumia menyu ya skrini yenyewe. Hapo tarakimu zote mbili zilitajwa, uwezo wa kupanda uliwekwa ndani ya skrini wala si ndani ya kompyuta ya mtu, na kiwanda kikabeba lawama kama isingefika. Skrini ya aina hiyo ikiuzwa Arusha kwa tarakimu ya 165 sina neno, ili mradi mnunuzi aambiwe kwamba lazima aiwashe kwenye menyu na kwamba kadi yake iwe na mlango wa DisplayPort unaofaa. Tofauti kati ya mfano huu na karatasi za madukani kwetu ni kubwa, na mnunuzi wa kawaida hana namna ya kuijua asipoelezwa.

Watu huniuliza pia kama kupandisha hezi kunaua skrini. Hofu hii ina asili yake. Enzi za skrini za chogo, wengi walipandisha kasi hadi hezi 85 ili kuondoa kumetameta kulikochosha macho, na miongozo ya Linux ya miaka ya 1990 iliwaonya watumiaji waziwazi kwamba kuilazimisha skrini kupokea mawimbi yaliyovuka uwezo wake kunaweza kuiunguza. Skrini bapa za leo hujilinda vizuri zaidi: mara nyingi zikishindwa huzima picha au huandika kwamba mawimbi yamevuka kiwango, na usipothibitisha mabadiliko Windows hurejesha mpangilio wa awali baada ya sekunde 15. Picha ikigoma kurudi, kompyuta huwashwa katika hali salama na mpangilio mbaya ukafutwa. Wenye kompyuta mpakato wawe waangalifu zaidi, kwa sababu kioo cha ndani kikigoma wanahitaji kuwa na skrini ya pili ya kuchomeka pembeni ili waone wanachokifanya, na si kila nyumba inayo.

Hata hivyo, kutokuungua si sawa na kufanya kazi vizuri. Mistari myembamba inayokatiza picha, nukta zinazometameta kwenye rangi nyeusi, au rangi kupauka kidogo kuliko zilivyokuwa ni dalili kwamba umevuka mpaka, na baadhi ya dalili hizo huchelewa kujitokeza hadi skrini ipate joto, jambo ambalo majaribio mafupi ya dukani hayawezi kulionyesha. Tena pikseli zenyewe huchukua muda kubadilika rangi. Kiwanda kilizipanga zibadilike vizuri kwa hezi 60, zikiwa na milisekunde 16.7 za kufanya hivyo. Ukizipa milisekunde 13.3, zile za polepole, hasa katika vioo vya aina ya VA zinapotoka kwenye weusi kwenda kijivu, hubaki nyuma na kuacha mkia wa giza nyuma ya kila kinachosogea. Kuhusu dhamana, mteja aliyenunua skrini mpya aisome kwanza karatasi yake, kwa kuwa kwa kawaida kiwanda hudhamini skrini kwa kasi iliyoandikwa na si kwa nyingine.

Nimalizie upande wa watumiaji kwa wenye vibanda vya gemu, ambao nadhani ndio wanaoumizwa zaidi na karatasi hizi kuliko hata wanafunzi. Mwenye kibanda cha PlayStation 3 au PlayStation 4, anayewatoza vijana kwa kila mechi ya mpira, hana faida yoyote anayoipata kwenye skrini iliyopandishwa hadi 75, kwa sababu mashine hizo hutoa picha kwa hezi 60 za mwisho, wala hazina mahali pa mtumiaji kuandika kasi yake mwenyewe. Akiuziwa skrini hiyo kwa bei ya juu ametupa fedha, na hakuna fundi atakayeweza kumrudishia. PlayStation 5 inaweza kutoa hezi 120, lakini kwa skrini au televisheni inayotangaza hezi 120 yenyewe, na hiyo ni bidhaa ya aina nyingine kabisa. Kwa wenye kompyuta nako kuna swali la kuuliza kabla ya kutoa fedha: je, kadi ya grafiki inafikisha fremu 75 kwa sekunde katika gemu unayoicheza? Kama inatoa 45, fedha hizo zingesaidia zaidi kwenye kadi au kwenye kumbukumbu ya kompyuta. Na hata inapofikisha, kutoka 60 kwenda 75 ni kuokoa milisekunde 3.3 kwa kila fremu, ilhali kutoka 60 kwenda 144 ni kuokoa karibu milisekunde 10. Nimeona watu wakiongeza bei kwa ajili ya hatua ile ya kwanza mara mbili tatu, kila wanapobadilisha skrini, hadi jumla yake ingetosha kununua skrini ya 144 ya kiwandani.

Ninachowaomba wenye maduka wa Moshi na Arusha, kuanzia wale wa Double Road hadi wa Barabara ya Sokoine, hakizidi nguvu zao. Wanapouza skrini iliyopandishwa waandike kasi ya kiwandani kwanza, kisha ile iliyofikiwa, na mlango uliotumika kuifikia. Wamuulize mteja kompyuta yake ina mlango gani, na wajaribu mbele yake kwa mlango huo. Kama hawawezi kumhakikishia kwamba kasi hiyo itafika nyumbani kwake, wamuuzie kwa bei ya hezi 60. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji kuhusu ubora wa bidhaa, na Tume ya Ushindani ndiyo yenye jukumu la kuisimamia. Sidhani kama jambo dogo namna hii linahitaji kufika huko iwapo wafanyabiashara wataamua kulimaliza wenyewe, lakini mnunuzi ajue kwamba sheria ipo.

Mnunuzi naye aende dukani amejiandaa. Aombe kuona namba ya modeli iliyo nyuma ya skrini na aitafute katika maelezo ya kiwanda, akitazama kasi iliyoandikwa kwa picha kamili. Akifika nyumbani afungue mipangilio ya onyesho ya Windows, aingie sehemu ya mipangilio ya kina, ambapo kasi inayotumika imeandikwa kwa tarakimu, na afanye hivyo siku ileile kabla risiti haijapotea. Na kama anataka kupandisha, amwite fundi aje pale pale penye kompyuta itakayotumika, maana kazi hiyo ikifanyiwa mahali pengine haimfai kitu.

Kwa muuzaji anayedai hana nafasi ya kuandika maelezo marefu, napendekeza maneno haya: "Kiwandani 60, imejaribiwa 75 kwa DisplayPort, bila kuruka fremu." Yanatosha kwenye karatasi ileile anayoibandika sasa.

Wako msomaji,
Fundi wa kompyuta,
Majengo, Moshi.